Kabla Hujawasha Hiyo Lori

Felix, mwana wa dada yangu,

Barua hii umeipata mahali pa ajabu, imefungwa na raba kwenye hosi, ule mpira mkubwa wa maji wa juu ya redieta, na najua umenitukana kidogo ukiitoa. Ni sawa. Ningeiweka kwa begi ungeisoma ukifika Nakuru, ama usingeisoma kabisa. Hapa lazima ufike, kwa sababu kuna kitu kimoja nilikufundisha na ukakishika: kuinua kabini asubuhi, kuangalia maji na oili kabla ya kugusa ufunguo. Usiwashe bado. Kaa hapo kwa bampa usome.

Salamu sikupi. Wanaosalimiana kwa barua ni watu wa mbali, na sisi tumelala chumba kimoja pale mtaa wa Lindi tangu ukiwa na miaka tisa, mimi upande wa mlango, wewe upande wa jiko, pazia ya marehemu mama yako katikati. Saa hii jua linaelekea kushuka. Wewe uko kanisani unaombewa safari. Mimi niko Kawangware kwa yadi, nimekalia debe la oili, na lori yako iko mbele yangu. Haijawashwa tangu jana. Kesho ukiamka kuondoka utaniskia nikikoroma. Usidanganyike na hiyo koroma.

Ule nini, ulale wapi, usichukue abiria gani njiani, hayo siandiki. Akina mama wa kanisa wamekuambia wiki nzima mpaka masikio yako yamechoka. Mimi naandika juu ya Jumatatu.

Unajua ile Jumatatu. Lori ilikuwa imerudi kutoka Riruta, kwa ile garage mpya yenye vijana wanavaa glavu na kuchomeka kompyuta kwa injini. Walikuwa wamefungua hedi, kile kichwa cha injini, wakaweka gasketi mpya ya kuziba chini yake, redieta mpya, kifuniko kipya, pampu ya maji mpya. Mzee Kamau akaileta hapa kuonyesha watu. Yadi ni yake, mabati tunayojikingia mvua ni yake, lori ni yake, na kuanzia kesho dereva pia ni wake. Akazunguka mtaa nayo kidogo, akarudi, na ile tenki ndogo ya maji ikatema maji chini hapo hapo mbele yetu, kama mtoto aliyelishwa uji kwa nguvu.

Mimi nilikuwa nimeinama. Sikuinua hata kichwa. Nikasema, "Mzee, hiyo si hedi. Hedi wamefungua bure. Hiyo ni kompresa ya upepo inapuliza kwa maji."

Akasimama na fimbo yake. "Redio," akasema, kwa lile jina walilonipa hapa yadi, "leo unatangaza nini?"

"Natangaza kompresa."

"Kompresa ni ya breki, bwana. Breki na redieta zimeoana lini?"

Wafula wa welding akadakia kutoka kule kwake, "Zilioana Kongo! Huyu ndiye alisimamia harusi!"

Yadi yote ikacheka. Hiyo sikujali. Wafula mimi ndiye nilimwonyesha kushika electrode, na mpaka leo welding yake inaonekana kama kinyesi cha kuku. Mzee Kamau pia sikujali, huyo hucheka tu mahali anajua hakuna mtu atamjibu. Lakini wewe, Felix. Wewe ulikuwa umesimama kando ya gurudumu la mbele, na spana yangu mkononi, na ukasema, "Ama ni yule mamba, Anko? Amerudi kwa redieta?"

Hapo ndipo walicheka mpaka mama wa chapati akatoka kuangalia nani ameumia.

Nilicheka pia. Uliniona nikicheka. Nilicheka kuliko wote.

Sasa wacha nikukumbushe huyo mamba alitoka wapi, kwa sababu naona umesahau. Ulipoletwa Lindi baada ya mazishi ulikataa chakula. Siku ya kwanza, ya pili, unaangalia sahani tu. Jirani akasema huyu mtoto atamfuata mama yake. Mimi si mtu wa maombi, na shule niliachia darasa la sita, kwa hivyo sikuwa na kitu kingine isipokuwa mdomo. Nikakuambia kwamba kuna lori ilitoka ziwani na omena, wale samaki wadogo, ikachota maji ya redieta pale ufuoni, na ndani ya yale maji kulikuwa na mtoto wa mamba. Akakulia huko ndani. Ikawa lori ikichemka, dereva akifungua kifuniko, pua inatoka. Ukauliza, "Alikuwa anakula nini?" Nikakuambia, "Ugali. Na akiona mtoto mwingine anakataa ugali, anakasirika." Ukala, Felix. Ukamaliza na ukaomba supu.

Kwa hivyo usinicheke na mamba wangu mbele ya watu. Huyo mamba alikulea.

Lakini nimekaa na hiyo kitu tangu Jumatatu, na hasira yangu imeanza kuzunguka, inatoka kwako inarudi kwangu. Ni nani alikuzoesha kucheka nikifungua mdomo? Ni mimi. Hapa Kawangware fundi asiyeongea hakai. Mwenye gari anangoja kutoka asubuhi, jua ni kali, spea haijatoka mjini, ukinyamaza anaanza kufikiria garage ile ingine. Lazima umpe hadithi. Mimi nilikuwa na hadithi kuliko spana. Watu walikuwa wanapita mafundi wanne wazuri wakija kwangu, na hiyo si uongo, uliza mama wa chapati. Nilitoa gearbox kwa mikono peke yangu, mvua ikinyesha, nikaishikilia kifuani mpaka mwenyewe akaleta jeki. Nilitambua bearing mbovu kwa simu, gari ikiwa Eldoret. Nilifika Kongo na lori isiyo na reverse. Sawa, nilifika Busia. Lakini niliongea na watu wa Kongo.

Unaona? Hata hapa kwa karatasi siwezi kujizuia.

Na kazi ya yule Redio ni nzuri mpaka siku ana habari ya kweli. Siku hiyo anaongea na sauti ile ile, na mdomo ule ule, na hakuna mtu anayeweza kutofautisha. Mimi mwenyewe nilijiskiza Jumatatu nikisema kompresa, na sauti yangu ilikuwa ile ya mamba kabisa.

Nilijuaje? Hilo hukuuliza. Ungeuliza singekujibu mbele ya Wafula. Sasa nakujibu.

Unakumbuka ile hadithi ya injini iliyorogwa, ulikuwa unaipenda sana, unaniambia nirudie? Lori ya mtu wa kubeba mawe ya ujenzi, kwamba mke wake wa kwanza aliiendea kwa mganga, na kila nikifunga injini, mapepo yanapuliza maji nje? Hakukuwa na mke wa kwanza. Lori ilikuwepo. Ilikuja ikitema maji kama hii yako. Nilikuwa na umri kama wako, na kiburi kushinda cha Mzee Kamau. Nikamwambia mwenyewe hata sina haja ya kupima, hii ni gasketi ya hedi, naiskia. Nikafungua hedi, nikaweka gasketi mpya. Ikatema. Nikasema hedi imepinda, tukaipeleka ikasuguliwe, nikafunga. Ikatema. Nikafungua tena mara ya tatu, na hapo nilikuwa sijui tena natafuta nini. Nilikuwa nafungua kwa sababu mikono haijui kitu kingine, na kwa sababu mwenyewe alikuwa amesimama hapo.

Siku ya mwisho yeye alikwenda kutafuta mtu wa kuivuta. Mimi nikabaki, injini inanguruma, kifuniko cha redieta kiko wazi, nakula. Macho yangu yako kwa maji tu, siangalii kwa akili. Mapovu yanapanda, moja, lingine, moja, lingine. Mara nikaskia ile sauti ya upepo, pssss, tenki za breki zimejaa, kompresa imepumzika. Na mapovu yakaisha. Maji yakatulia kama ya mtungi. Nikaacha kutafuna. Nikakanyaga breki mara kadhaa kupunguza upepo, kompresa ikaanza kazi tena, mapovu hayo yakarudi. Nikangoja. Pssss. Yakaisha.

Felix, sijawahi kuelewa kitu kingine chochote hivyo maishani. Kompresa imebebwa na injini, na inapoozwa na maji yale yale ya injini. Ina hedi yake ndogo, na gasketi yake ndogo ya kutosha kiganja. Hiyo ndogo ndiyo ilikuwa imepasuka. Upepo wa breki ulikuwa unaingia kwa maji, maji yanakosa nafasi, yanatoka nje. Na mimi nimefungua ile hedi kubwa mara tatu kama mtu anayebomoa nyumba kutafuta panya aliye kwa jirani.

Mwenyewe akarudi na gari ya kuvuta. Na mimi nikanyamaza.

Ningesema, ningekuwa nimesema pia kwamba zile mara tatu zote zilikuwa za bure. Nikaona afadhali iende. Ikavutwa. Baadaye nikaskia walimtolea injini nzima wakamwekea ingine. Sijui kama waliiacha kompresa ile ile juu yake, na niliogopa kuuliza. Watu wakaniuliza ilikuwaje, na kabla sijafikiria nikaskia mdomo wangu unasema, "Ile? Ile ilikuwa imerogwa." Wakapenda. Ikawa hadithi yangu bora kuliko zote.

Kwa hivyo hadithi moja ya kweli niliyo nayo kuhusu hiyo kompresa ndiyo sijawahi kusimulia mtu, kwa sababu ndani yake mimi ndiye mjinga. Zile zote mimi ni shujaa ulizisikia mpaka ukachoka. Hiyo ndiyo ungehitaji Jumatatu ili usicheke.

Sasa skiza kwa nini nimeshika kalamu badala ya kukasirika tu kimya kimya, kama nilivyopanga.

Hapa Kawangware hiyo lori itakubeba vizuri. Barabara ni tambarare na huna mzigo. Mzee Kamau ameongeza maji, amesema imepona. Lakini kesho unabeba simenti mpaka Malaba. Kabla hujakunywa chai utakuwa unashuka mteremko wa Mai Mahiu. Wewe unafikiria juu ya maji, kwamba itachemka huko mbele ikipanda Timboroa, utasimama, utangoja ipoe, utaongeza. Mimi sifikirii maji. Ule upepo unaoingia kwa redieta ni upepo ambao haujaenda kwa tenki za breki. Ukishuka na tani zote hizo mgongoni, unakanyaga, unakanyaga, kompresa inatakiwa irudishe upepo haraka kuliko unavyoutumia. Hii haitarudisha. Itakuwa inapuliza maji. Gasketi ikimaliza kupasuka ukiwa katikati ya mteremko, mshale wa kupima upepo utashuka na wewe ukishuka.

Hiyo siongezi chumvi. Naomba uone kwamba hapo sijaongeza chumvi.

Na najua kwa nini huwezi kwenda kwa Mzee Kamau useme lori mbovu. Umengoja hiyo usukani tangu upate leseni. Kuna vijana hapo stage ambao ukirudisha ufunguo watauchukua kabla haujapoa. Atakuambia, "Hata wewe umekuwa Redio?" Na akikuambia hivyo mbele ya watu, utawasha uende, kwa sababu una kiburi, na kiburi chako najua kilikotoka, hukukipata kwa mama yako.

Kwa hivyo sikuombi uniamini. Nimechoka kuomba watu waniamini. Nataka umwonyeshe bila kuongea. Mzee Kamau huja hapa kila asubuhi kabla jua halijapanda kuhesabu magari yake kama kuku. Akifika, mwambie tu, "Mzee, kuja uone maji." Usiseme kompresa. Ukisema kompresa ataskia sauti yangu.

Injini ikiwa baridi, shika kifuniko na kitambaa, zungusha polepole, uso ukae mbali. Baridi au si baridi, uso ukae mbali. Kama kuna upepo umefungiwa ndani, wacha utoke wenyewe kwanza. Halafu fungua, jaza maji mpaka juu, washa, na uwache wazi. Toa upepo kwa tenki za breki ili kompresa ipate kazi. Angalieni nyinyi wawili. Mapovu yakipanda na injini hata haijapata joto, hayo si maji kuchemka, hata yeye ataona. Ukikanyaga mafuta, mapovu yakiongezeka na yasiache hata tenki za breki zikijaa, basi ni ile hedi kubwa, vijana wa Riruta walifunga vibaya, na mimi nimekosea, na unaweza kumwambia Wafula anitungie hadithi. Lakini yakiisha ukiskia pssss, na yakirudi upepo ukipungua, nyamaza. Rudia tena. Mwache aone mara ya pili. Yeye ni mtu wa kuhesabu vitu vyake, atahesabu.

Akibaki na shaka, spana yangu ya kumi na saba iko chini ya debe nililokalia, na kuna hosi ndogo nimekata tayari. Toa zile paipu mbili za maji zinazoingia kwa kompresa, unganisha moja na nyingine ili maji yapite bila kuigusa, ongeza maji, washa hapo hapo kwa dakika chache tu, usiende nayo mahali. Mapovu yakiwa yameisha kabisa, hakuna kompyuta ya Riruta itabishana na hiyo. Gasketi yake inapatikana, kazi ni ya asubuhi moja. Malaba haitahama.

Na akikataa hata kuangalia? Basi, Felix, hapo mimi sina cha kukuambia ambacho ni kitamu. Nilinyamaza mbele ya yule mtu wa mawe nikabaki na jina zuri. Miaka hii yote nimekula hilo jina na halishibishi. Wewe utachagua. Mimi nitakuwa Lindi nakoroma.

Nimekuwa na uchungu na wewe wiki nzima na bado ninao. Hii barua haiuondoi. Ukirudi nitakuwa nao, na utanunua chai. Lakini nataka urudi ndio unikute nao.

Jambo la mwisho. Lori ikilala usiku mzima, maji yanapoa, yanajikunja, hosi inalegea. Ukiiminya inaingia ndani kama chapati ya jana. Hakuna joto ndani ya kuifanya iwe ngumu. Ikiwa ni ngumu asubuhi, baridi hivi, kama rungu la askari, basi kuna upepo ndani ambao haukuletwa na joto. Umeletwa na kitu kingine, na kile kifuniko kipya cha Riruta kimeufungia humo.

Ulipokuwa unatoa barua hii mkono wako ulikuwa kwenye hosi, lakini ulikuwa na haraka na ulikuwa unanitukana, kwa hivyo hukuiskia. Mimi niliishika nikiifunga. Sikuambii ilikuwaje, kwa sababu nikikuambia itakuwa ni Redio anatangaza.

Weka barua chini. Rudisha mkono hapo, uminye.

Anko wako,
Ouma